Nahodha Dhafiri na Kamba ya Amana

Wametupokeza wazee wetu, nao walipokezwa na waliowatangulia, kwamba katika pwani ya Bahari ya Shamu palikuwa na mji mdogo wa mabaharia ukiitwa Sumaira. Watu wake walikuwa wacha Mungu. Ardhi yao ilikuwa mawe na chumvi, haikuotesha hata bizari, kwa hiyo riziki yao yote Mola aliiweka baharini, na wengi wao makaburi yao pia aliyaweka huko huko.

Katika mji huo aliishi nahodha mmoja, Dhafiri bin Masudi, mtu wa sala na wa maneno machache. Baba yake alikwisha kufa zamani. Alikuwa na mama yake, na dada yake mmoja tu wa kuzaliwa naye, Bi Atika, aliyeolewa na nahodha mwingine wa hapo hapo, Ghanimu bin Rashadi. Mashemeji hao wawili walipendana. Walikuwa wakitoka safari pamoja na kurudi pamoja, na mmoja akichelewa, mwenzake haendi nyumbani kwake mpaka alione tanga lake.

Kisha yule mama akafariki. Alifariki alfajiri, Dhafiri akiwa bado yuko safarini, na hakuna aliyejua atarudi lini. Ghanimu akafanya kama dini inavyohimiza: akahimiza maiti aoshwe, akakafiniwa, akasaliwa, na kabla ya adhuhuri wakawa wamekwisha kumzika. Alasiri ya siku ile ile tanga la Dhafiri likaonekana.

Aliposhuka pwani na kuambiwa, alikwenda moja kwa moja makaburini, na alipotoka huko akamkabili shemeji yake mbele ya watu.

"Hukunisubiri hata nimtazame uso!"

"Shemeji, maiti hasubirishwi," akasema Ghanimu kwa upole. "Nani alijua kwamba utafika leo?"

"Angekuwa mama yako, ungesubiri."

Tangu siku hiyo hawakusemezana tena. Walisali katika msikiti mmoja, mmoja akisimama safu ya mbele na mwenzake ya nyuma, na imamu akitoa salamu kila mtu anatoka kwa mlango wake. Bi Atika alikuwa akilia na kusema, "Mimi nina macho mawili. Mnataka nitoboe lipi?" Lakini Dhafiri alikuwa na moyo ulioshika kinyongo. Miaka ikapita hivyo.

Sasa tuseme habari ya desturi yao, maana kisa hiki hakielewi mtu asiyeijua. Pwani ile ina miamba mingi, na tufani ikiwakuta mabaharia huwa wanakimbilia nyuma ya mwamba na kutia nanga. Chombo kilichopoteza nanga kitawarushia kamba wenzake ambao nanga yao imeshika, nao watakipokea na kukifunga nyuma yao kwenye tezi. Kamba hiyo waliiita kamba ya amana. Anayeipokea huifunga kwa mkono wake mwenyewe na kutamka, "Amana imefika." Aliyeirusha hujibu, "Na shahidi ni Mola." Likishasemwa neno hilo, sheria yao ilikuwa moja: aliyeipokea kamba haikati. Hata nanga yake iburutike, hata chombo chake kiende kuvunjika, haikati. Akitaka kuikata aliyeirusha, hiyo ni hiari yake. Watu wa mbali waliwacheka na kuona ni ujinga watu wengi kufa kwa ajili ya kamba. Wao walisema, "Tukiruhusu ikatwe siku moja, hapatakuwa na mtu atakayelala usingizi akiwa nyuma ya mwenzake."

Ikawa siku moja vyombo vyote viwili vinarudi Sumaira na shehena ya tende, kila kimoja na njia yake. Baada ya adhuhuri upepo ukageuka. Vumbi jekundu likatoka bara na kuingia baharini, jua likafunikwa, mchana ukawa kiza. Nyuma ya vumbi ikaja mvua na radi, na bahari ikapanda.

Dhafiri alikuwa ameuwahi mwamba. Nanga yake ikashika, mabaharia wake wakashusha matanga na kuanza kukumba maji yaliyoingia chomboni. Hapo ndipo walipoona chombo kingine kinakuja kinayumba kama mtu aliyepigwa kichwani. Nanga hakina, amari yake, yaani kamba ya nanga, imekatwa na mwamba. Foromali, ule mti unaobeba tanga, imevunjika na kuangukia omo, mbele ya chombo, pamoja na tanga lake.

Serahangi wa Dhafiri, yaani msimamizi wa mabaharia wake, alikuwa akiitwa Yakuti, mtu hodari mwenye ulimi mkali. Akakaza macho katika ile mvua. "Ni Ghanimu," akasema. "Leo bwana mkubwa amekumbuka kwamba na sisi tumo duniani!"

"Pokeeni kamba," akasema Dhafiri.

"Nahodha, nanga yetu ni moja, na chini ni mchanga."

"Nimesema pokeeni."

Kamba ikarushwa mara ya kwanza, ikaanguka majini. Ikarushwa tena, ikashikwa. Dhafiri akaifunga mwenyewe kwenye gogo la tezini, akakaza fundo, akasimama. Akapaza sauti.

"Amana imefika!"

Upande wa pili, katikati ya mvua, Ghanimu akajibu, "Na shahidi ni Mola!"

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza baina yao tangu siku ya mazishi.

Chombo cha Ghanimu kilikuwa kinaingia maji, haikuwezekana watu wake wabaki humo. Wakafunga viriba vilivyopulizwa upepo chini ya makwapa, wakawa wanavuka mmoja mmoja huku wameikumbatia ile kamba, mawimbi yakiwazamisha na kuwatoa. Dhafiri na Yakuti waliwapokea na kuwavuta kwa nguo, kwa nywele, kwa chochote kilichoshikika. Kila aliyepanda alitapika maji na kulia. Kwa rehema za Mola wote waliovuka walifika.

Wakabaki wawili. Mmoja ni Ghanimu. Wa pili ni mpishi wake, Jubrani, mtu mzima mnene mcheshi, ambaye kila baharia wa Sumaira alikuwa amekwisha kuonja mchuzi wake. Foromali ilipoanguka ilimbana mguu kule omo, karibu na pale kamba ilipofungwa, na ule mti haukuinuka. Mara upepo ulipopumua kidogo, sauti yake ikawafikia.

"Nahodha Dhafiri! Huko kwenu kimepikwa nini leo? Kama ni ule uji wenu, mimi bora nibaki hapa hapa!"

Baadhi ya mabaharia wakacheka na machozi yakiwatoka.

"Shemeji!" akaita Dhafiri. "Vuka wewe!"

"Siwezi kumwacha Jubrani," akajibu Ghanimu. "Nipe muda kidogo, nautafutia wenzo huu mti!"

Kisha upepo ukarudi kwa nguvu zaidi, na hakuna aliyemsikia mwenzake tena.

Hapo Dhafiri akahisi chini ya miguu yake kitu ambacho kila baharia anakijua na anakiogopa. Nanga ilikuwa inaburutika. Ilishika, ikaachia, ikashika, ikaachia. Nyuma yao, si mbali, mawimbi yalikuwa yakipasuka juu ya majabali. Chombo cha Ghanimu kilichojaa maji kilikuwa kizito kama mlima, na kilikuwa kinawavuta kuelekea huko.

Yakuti akaja anatambaa. "Nahodha! Tumebeba roho za watu wengi. Kule wako wawili."

"Unaijua sheria."

"Naijua. Na watoto wangu pia nawajua."

"Nenda omo, Yakuti. Chukua watu wote, wale wetu na wale waliovuka. Kazeni amari na mkumbe maji. Hapa niacheni peke yangu."

Wakaenda. Dhafiri akabaki tezini, mkono mmoja juu ya kamba ile iliyokazika mpaka ikawa inalia. Alikuwa anasoma dua. Na kwa hakika, wakati ule hakuwa na nia mbaya.

Kisha chombo kikagonga mwamba chini. Kiligonga mara moja tu, kikainuka. Lakini mgongo wa chombo ulilia, na Dhafiri akausikia mlio ule katika meno yake. Wanasema hofu ikiingia kwa mlango, akili hutoka kwa dirisha. Akayaona maji yakimfunika. Akawaona watu wote wale wakipasukia juu ya majabali. Na hapo hapo, katikati ya hofu hiyo, likapita wazo jingine, dogo, kama nyoka apitaye chini ya mkeka: *Yeye hakunisubiri.*

Shoka lilikuwa limechomekwa ubavuni mwa chombo. Dhafiri akalichomoa. Akaliinua kwa mikono miwili juu ya kichwa chake.

Radi ikamulika.

Akamwona Ghanimu waziwazi, amesimama omo ya chombo chake, anamtazama. Walitazamana muda wa mwanga ule. Uso wa Ghanimu haukuwa na ghadhabu wala haukuomba. Aliinua kiganja chake, kama mtu anavyomzuia mwenzake asikanyage pabaya. Kisha akainama. Kiza kikarudi. Radi ya pili ilipomulika, Dhafiri akamwona mpishi Jubrani, pale alipobanwa, ameinyoosha ile kamba kwa mikono yake yote miwili, na Ghanimu amepiga magoti, anaikata kwa kisu.

Kamba ikalegea. Chombo cha Dhafiri kikaruka mbele kama punda aliyepunguziwa mzigo, na nanga ikashika. Nyuma hapakuwa na kitu tena ila mawimbi meupe.

Dhafiri akaliteremsha shoka. Akaivuta kamba, akaitazama ncha yake, ikawa imekatwa sawasawa, haikufumuka hata uzi. Akakaa akiishika. Kisha, akiwa hajui ni kwa nini anafanya hivyo, akalifungua fundo kwenye gogo na kuiachia kamba yote baharini, akalirudisha shoka mahali pake.

Yakuti alipokuja akauliza, "Kamba imetushinda?"

Dhafiri hakujibu. Yakuti akadhani ni huzuni, akamwekea mkono begani.

Tufani ilipotulia walitafuta. Waliokota mbao na sufuria moja ya Jubrani. Wakarudi Sumaira.

Sitaeleza sana vilio vya siku ile. Aliyefiwa anavijua, na ambaye hajafiwa ataletewa zamu yake. Mji ukasali sala ya maiti asiyekuwapo, na Bi Atika akaingia edani. Na watu wakamsifu Dhafiri. Wakasema, "Huyu ndiye mja wa Mungu. Kaokoa watu wa hasimu wake, na amana hakuikata." Wake za wale mabaharia waliookolewa walimletea asali na mikate nyumbani, wakambusu mkono kupitia pembe ya mtandio. Ule mkono.

Ila watu hawakosi kutafuta sababu ya msiba. Wakasema kamba ilikatika. Na kamba ilikuwa ya nani? Ya Ghanimu. Basi ilikuwa mbovu. Wale waliovuka walipinga, wakasema, "Wallahi ilikuwa mpya, tuliisuka wenyewe." Wakajibiwa, "Mpya gani hiyo? Mwamtetea nahodha wenu, ni haki yenu." Taratibu ikawa ni msemo, mtu akifunga mbuzi na mbuzi akachopoka, atasikia, "Umemfunga kwa kamba ya Ghanimu?" Na ikasemwa pia kwamba Jubrani maskini aliuawa na uzembe wa bwana wake.

Ghanimu alikuwa ameacha mtoto wa kiume, Luayi, kijana aliyekwisha kukomaa na kuijua bahari, na wadogo zake wa kike walimtegemea yeye. Akazunguka bandarini kutafuta chombo cha kumchukua. Siku moja Dhafiri alikuwa amekaa kivulini na manahodha wenziwe, Luayi akaja na kutoa salamu.

"Wewe ni wa Ghanimu, sivyo?" akamwuliza nahodha mmoja. "Je, utakuja na kamba zenu, au utatumia za kwetu?"

Wakacheka. Luayi alitazama chini, kisha akamtazama mjomba wake. Hakuomba kitu. Alisubiri tu, kama atasikia neno.

Dhafiri alikohoa, akazitazama nanga zilizolala mchangani.

"Haya, mjomba," akasema Luayi. "Kwaheri."

Usiku huo Dhafiri hakulala, na nyingi zilizofuata vilevile. Alisali, na sala ikawa kama kutafuna makumbi. Alikuwa akijiambia, "Mimi sikuikata," na ilikuwa kweli. "Hakuna aliyeniona," na hiyo pia ilikuwa kweli kwa walio hai. Alifikiri aseme nusu: kwamba Ghanimu alikata mwenyewe. Lakini wangeuliza, kwa nini akate na hakuwa anaona nanga ya mwenzake ikiburutika katika kiza kile? Angesema nini? Wangesema kajiua, na hilo lingekuwa baya kuliko kamba mbovu. Ilibaki kusema yote au kunyamaza.

Mwisho akamwendea imamu, akamkuta anafagia ukumbi wa msikiti.

"Maulana," akasema, "mtu akiinua mkono kutenda dhambi, na asiitende, ana nini?"

"Akiiacha kwa kumcha Mola wake, ataandikiwa jema," akasema imamu huku anafagia.

"Na kama hakuiacha? Kama alitanguliwa tu?"

Ufagio ukasimama. Imamu akamtazama kwa muda. Alikuwa mzee, na aliwafahamu watu wake.

"Dhafiri, hilo ni baina yake na Mola, na mlango wa toba u wazi. Lakini je, kuna mja mwingine anayedhurika kwa kunyamaza kwake?"

"Yupo."

"Hai au maiti?"

"Maiti," akasema Dhafiri, "na walio hai wake."

"Basi asikae hapa ananitilia vumbi," akasema imamu. "Maiti hana ulimi wa kujitetea. Nenda."

Akaenda kwa dada yake. Bi Atika alikuwa amekaa ndani na nguo zake za eda, anapepeta mtama. Alipomwona kaka yake alisogeza ungo ampishe mkekani, akamwita karibu. Maana katika dhiki ile, kaka yake ndiye aliyekuwa faraja yake, na alikuwa akisema, "Alhamdulillahi, walau walipatana kabla ya mwisho."

"Atika," akasema Dhafiri akiwa wima, "nimekuja kukwambia jambo, na nikishalisema huenda usitake nikae."

Akamweleza. Alieleza kuanzia neno la amana hadi kule kugonga mwamba. Alipofika penye shoka alisita, akatamani aruke hapo, kisha akasema. Akasema na lile wazo lililopita. Akasema juu ya mwanga wa radi, na kiganja, na mikono ya Jubrani, na kisu, na ile kamba aliyoiachia baharini.

Bi Atika hakulia. Mikono yake ilikuwa imebaki juu ya ungo.

"Alikuona?" akauliza.

"Aliniona."

"Na shoka likiwa juu."

"Likiwa juu."

"Na ungepiga?"

Alitaka sana kusema kwamba hajui. "Ningepiga," akasema.

Mtama ulikuwa unadondoka kidogo kidogo kutoka kwenye ungo uliolala upande, na hakuna aliyeuinua.

"Basi alikata ili usikate wewe," akasema Bi Atika taratibu, kama mtu anayesoma maandishi hafifu. "Alijua atakufa kwa vyovyote. Akachagua wewe usiwe na damu yake. Wewe, uliyekuwa humpi hata salamu. Mimi nimekaa hapa siku zote hizi nikijiuliza kama kweli mume wangu alikuwa mzembe. Nimewaza hivyo, kaka. Nimelala juu ya kitanda chake nikiwaza kwamba kaua mtu kwa uzembe. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Toka."

"Atika..."

"Toka, ndugu yangu. Nenda ukaseme msikitini, kisha usije mpaka nikuite."

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, Dhafiri aliomba ruhusa kwa imamu, akasimama mbele ya watu wa Sumaira na kusema yote. Hakujitetea kwa hofu wala kwa tufani. Alipomaliza, Yakuti ndiye aliyeinuka kwanza. Alikuwa analia. "Mimi nilikushauri ukate," akasema, "ukanikatalia. Nikakuona mtakatifu. Laiti ungenyamaza, nahodha!" Akatoka nje.

Imamu akasema, "Tumsalieni tena Ghanimu na mwenzake Jubrani, maana mara ya kwanza wengine wetu tulisali na ndani ya nyoyo zetu tunawalaumu." Wakasimama, wakasali tena.

Tangu siku hiyo hakuna aliyefanya mzaha na kamba ya Ghanimu. Luayi akapata chombo kabla jua halijachwa, na yule nahodha aliyemcheka ndiye aliyemfuata mpaka nyumbani kumwomba radhi. Ama Dhafiri, mabaharia wake walimwacha mmoja mmoja, kwa adabu, kila mmoja na udhuru wake. Hawakumtukana. Lakini hakuna aliyetaka kuwa nyuma yake penye tufani, na asiyeaminiwa tezini kwake hana safari. Alikipandisha chombo chake pwani, kikakauka na kupasuka kwa jua, naye akawa anashona matanga ya watu.

Na kwa kuwa dada yake alikuwa edani, hatoki kwenda kisimani, Dhafiri akawa kila asubuhi anachota maji, anabeba mtungi begani mbele ya macho ya watu, anauweka mlangoni kwa Bi Atika na kuondoka bila kubisha. Jioni anaukuta mtungi mtupu pale pale. Siku zikaenda, eda ikaenda, na mlango haukufunguliwa. Wanawake wa jirani walimhurumia wakasema, "Bwana Dhafiri, dada yako ana moyo wa jiwe." Akawajibu, "Muacheni. Ana haki yake." Huenda alikuwa anangojea siku moja mtungi urudi na maji ndani, aambiwe kwamba hata hayo hayatakiwi. Haukurudi hivyo.

Eda ilipokwisha, asubuhi, aliinama kuweka mtungi na mlango ukafunguka. Bi Atika alikuwa amekonda, na nywele zake za mbele zilikuwa nyeupe. Nyuma yake alimwona Luayi, aliyekuwa amerudi safari, na mabinti wamekaa mkekani.

"Ingia," akasema.

Dhafiri akaingia, akasimama karibu na mlango.

"Hawa wameisikia habari ya baba yao kwa watu," akasema Bi Atika, "na watu wanaongeza, na wengine kwa kukuonea haya wanapunguza. Wewe ndiye uliyekuwapo. Kaa uwaeleze." Akaketi, akajifunika mtandio vizuri. "Usiache kitu. Hata lile wazo lako lieleze. Nataka wajue baba yao alimsamehe nani."

Inasemekana Dhafiri alikaa, akafungua kinywa, na hakuweza. Ndipo mabinti wale wakamwona mjomba wao, mtu mkubwa mwenye ndevu, analia kama mtoto. Luayi akamletea maji katika kata, kutoka mtungi ule ule aliouleta. Akanywa. Akaanza kusimulia.

Ndugu zangu, bahari ya kisa hiki iko mbali, na wengi wetu hatujawahi hata kupanda chombo. Lakini nadhani kila mmoja wetu anayo siku ambayo mkono wake uliinuka, na Mola akauzuia kwa sababu ya wema wa mtu mwingine. Mara nyingi mtu huyo hatumtaji, kwa kuwa tukimtaja yeye itatubidi tujitaje na sisi. Mwenyezi Mungu awarehemu waliolala chini ya maji bila kaburi la kuzuriwa, na atupe ulimi wa kulisema lile ambalo hakuna aliyeliona isipokuwa Yeye.